Ndoo kwanza, kisu baadaye

Picha za mikoba ya dharura zinazozunguka mtandaoni zina sura moja. Kisu kikubwa kimelazwa katikati, kando yake shoka dogo, kijiti cha chuma cha kutoa cheche, kamba ya kijeshi iliyosukwa kama bangili, dira, na labda ndoano za kuvulia samaki ndani ya kikopo. Vyote vimepangwa kwa ustadi juu ya meza, vyote vyeusi au kijani. Ukivitazama unajiona umeshafika msituni na kibanda kimesimama. Mimi nikivitazama huwa nauliza: choo kiko wapi?

Sifanyi mzaha. Wengi wanaokumbwa na dharura hawako msituni. Wako nyumbani kwao, maji hayatoki, umeme hakuna, barabara imefungwa, na watu watano wanataka kwenda haja. Kisu hakina jibu la hilo. Na hata huko porini, mtu aliyeteguka kifundo cha mguu saa kumi na moja jioni mvua ikianza kunyesha hana haja ya kuchonga miti. Anataka kubaki mkavu mpaka asubuhi, na anataka awepo mtu anayejua alikoelekea.

Kwa hiyo mkoba wangu nimeujenga kwa kuanzia na yanayoua na yanayodhalilisha. Yanayovutia yamepewa nafasi iliyobaki, na nafasi iliyobaki si kubwa.

Wanaofundisha mbinu za kuokoka porini wana kanuni yao ya "tatu tatu": mtu hudumu dakika tatu bila hewa, saa tatu bila kinga hali ya hewa ikiwa mbaya, siku tatu bila maji, wiki tatu bila chakula. Ni makadirio tu, na mwili mmoja si sawa na mwingine. Ninachokithamini ni utaratibu wake. Chakula, ambacho ndicho watu hukikimbilia kwanza wakisikia tahadhari, kimewekwa mkiani kabisa. Nami ningeongeza kabla ya yote hayo damu, kwa sababu mshipa mkubwa ukikatika hata hizo saa tatu huzipati.

Kabla ya kununua chochote, tenganisha mizigo miwili ambayo huchanganywa sana. Kuna akiba ya kukaa, ya siku ambazo nyumba imesimama lakini huduma zimekatika. Na kuna begi la kuondokea, la siku ambayo moto, mafuriko au nyufa za ukutani zinakwambia utoke sasa hivi. Hesabu ya maji peke yake inatosha kuonyesha kwa nini mizigo hii haiwezi kuwa mmoja. Kipimo kinachopendekezwa mara nyingi ni kama lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na kunawa kidogo. Watu 4 kwa siku 3 ni lita 48, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Hakuna atakayeshuka ngazi gizani na kilo 48 mgongoni huku ameshika mtoto. Maji hayo hukaa nyumbani kwenye madumu. Begini huingia lita moja au mbili, pamoja na njia ya kusafisha mengine utakayoyakuta njiani.

Siku ngapi? Serikali zinatofautiana. Umoja wa Ulaya uliwahimiza wananchi wake mwezi Machi 2025 wawe na akiba ya angalau saa 72. Japani, ambako matetemeko ni sehemu ya maisha, husema siku 3 kwa uchache na ikiwezekana wiki nzima. Mimi ninaona begi ni la siku 3 na nyumba ni ya wiki, lakini mwenye siku moja tu tayari ameshampita jirani anayepanga kuanza mwezi ujao.

Sasa maji, maana hapa ndipo watu hununua kifaa kimoja na kudhani wamemaliza. Kila njia ya kusafisha maji ina kinachoishinda. Kuchemsha ndiyo ya uhakika zaidi: maji yatokote kwa nguvu dakika 1, na ukiwa juu ya mita 2,000 uyaache dakika 3, kwa kuwa huko juu maji huchemka kabla hayajafikia joto la kawaida la kuchemka. Bakteria, virusi na vimelea wote hufa. Tatizo ni moto na kuni, ambavyo usiku wa mvua huvipati kirahisi.

Dawa ya klorini ya kufulia nguo nayo inafaa, mradi haina manukato, rangi wala sabuni ndani yake. Ile ya nguvu ya kawaida, asilimia 5 au 6, hutiwa matone 2 kwa lita, unakoroga, unasubiri dakika 30. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha ongeza matone yawe maradufu. Baada ya nusu saa yanapaswa kutoa harufu hafifu ya klorini. Yasipotoa, rudia dozi na usubiri tena. Chupa iliyosahaulika kabatini tangu mwaka juzi usiitegemee, maana klorini hufifia ikikaa. Na kuna kimelea kiitwacho Cryptosporidium ambacho klorini ya kiwango hiki haikitishi hata kidogo.

Vichujio vidogo vya mkononi, vile vyenye nyuzi zenye vitundu vya mikroni 0.1 au 0.2, hukizuia kimelea hicho pamoja na bakteria. Lakini virusi ni vidogo kuliko vitundu hivyo, hupita. Halafu kuna jambo ambalo kwenye boksi huandikwa kwa herufi ndogo: kichujio kikishatumika hubaki na unyevu ndani, na unyevu huo ukiganda kwa baridi kali nyuzi hupasuka bila wewe kuona chochote kwa nje. Maji yataendelea kutoka vizuri tu, ila hayachujwi tena. Ndiyo maana wazoefu wa milima ya baridi hulala na kichujio kifuani.

Ukiwa huna chochote, lipo jua. Chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, ikijazwa maji yasiyo na tope na kulazwa juani kwa muda wa saa 6, mionzi huua vijidudu vingi. Mbingu ikiwa na mawingu, iache siku 2 mfululizo. Ni njia ya polepole, lakini haihitaji kitu cha kununua. Kwa njia zote hizo kuna mpaka mmoja: maji yaliyochanganyika na petroli au dawa za kilimo, kama yalivyo mengi ya mafuriko, hayatakaswi na moto wala klorini wala jua. Hayo yaache.

Kumbuka pia kwamba nyumba yenye tangi la kuchemshia maji ya kuogea tayari ina akiba ya makumi ya lita. Zima umeme wake kwanza, funga koki ya maji yanayoingia ili machafu ya kwenye bomba yasirudi ndani, kisha fungua ile ya chini. Ukiijua koki hiyo leo mchana, hutaitafuta usiku kwa kupapasa.

Baada ya maji ningependa nizungumzie baridi kwa kirefu, kwa sababu inadharauliwa kuliko hatari nyingine yoyote. Watu hudhani baridi huua penye theluji tu. Mwili huingia hatarini joto lake la ndani likishuka chini ya nyuzijoto 35, na hilo linaweza kumpata mtu hata penye nyuzijoto 10 za hewa, akiwa amelowa na upepo unavuma. Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi inayokaribia mara 25 ya hewa. Nguo za pamba zikilowa hushikilia maji ngozini na hazikauki haraka. Sufu na zile nguo nyepesi za nyuzi za kutengenezwa viwandani ni afadhali mara nyingi. Dalili huanza kidogo kidogo: mtu anatetemeka, vidole havifungi zipu, maneno yanakuwa mazito mdomoni, anakuwa mkaidi bila sababu. Akiacha kutetemeka huku bado ana baridi, usifurahi. Hapo mwili umeishiwa nguvu za kujipasha joto.

Dawa ambayo kila mkoba wa dukani huja nayo ni lile blanketi la ng'aring'ari, teknolojia iliyotokana na mpango wa anga za juu wa Marekani miaka ya 1960. Likiwa kwenye pakiti linaenea kiganjani. Lifungue nje penye upepo, usiku, mikono ikiwa imelowa, ndipo ulijue. Kwanza halikunjuki. Tabaka zimegandana, na kila ukivuta pembe moja nyingine inajisokota. Likishakunjuka linavimba kama tanga na kupiga kelele kiasi kwamba husikii mwenzako anasema nini. Kucha ikigusa ukingo, panachanika kidogo, na mwanya ule unakimbia moja kwa moja hadi upande wa pili bila kusimama. Ukifaulu kujifunika, baada ya muda ndani kunatoa jasho, kwa kuwa halipitishi hewa. Na halina joto lake: hukurudishia lako tu, na kukinga upepo. Huku chini, ardhi inaendelea kukunyonya.

Bado ninalo, lakini lile lililotengenezwa kama gunia, la plastiki nzito zaidi, la kuingia mzima mzima. Pamoja nalo kuna kitu ambacho hakipo kwenye picha za mtandaoni: mifuko miwili mikubwa ya taka, ile minene ya ujenzi. Mmoja ukiutoboa tundu la uso karibu na pembe unakuwa koti la mvua linalofika magotini. Mwingine ukijazwa majani makavu unakuwa godoro, na godoro hilo ndilo litakaloamua kama utalala au utatetemeka, maana joto jingi la mwili hupotelea ardhini. Siku nyingine mfuko huohuo unakinga maji ya mvua, unafunika dirisha lililovunjika, au unaingia ndani ya ndoo. Uzito wake si kitu. Ningeambiwa niokoe kitu kimoja begini nikiacha vingine vyote, ningekuwa na wakati mgumu kuchagua kati ya mifuko hiyo na tochi.

Huduma ya kwanza. Visanduku vingi vya madukani vimejaa plasta ndogo ndogo, ambazo hufaa kwa kidole kilichokatwa na karatasi. Toa nusu yake, weka shashi nyingi, bendeji pana za kuvutika, glavu, selotepu ya hospitali, mkasi unaokata kweli na chupa ndogo ya dawa ya kusafishia vidonda. Jeraha linalomwaga damu hubanwa moja kwa moja, kwa nguvu na uzito wa mwili, bila kuinua kitambaa kila mara kuchungulia. Likiwa mkononi au mguuni na damu haikomi, ndipo unatumika mkanda maalumu wa kuzuia damu, wenye kijiti cha kukazia. Hufungwa sentimita 5 hadi 8 juu ya jeraha, si kwenye goti lenyewe wala kiwiko, na hukazwa mpaka damu ikome. Saa uliyokaza iandike mahali itakapoonekana. Kwenye mafunzo tulifungana wenyewe kwa wenyewe mapajani, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wengi hushindwa: ukikazwa sawasawa unauma vibaya mno, na mwenye huruma hulegeza. Mkanda uliolegea ni mbaya kuliko kutofunga, kwa sababu unazuia damu isirudi moyoni huku inayotoka ikiendelea kutoka. Jihadhari na zile za bei poa zilizoigwa, kijiti chake huvunjika mkononi. Na kama una fedha ya kitu kimoja tu, lipia mafunzo kabla ya mkanda.

Kinachosahaulika kabisa ni dawa za kila siku. Kimbunga Katrina kilipoipiga Louisiana, Marekani, mwezi Agosti 2005, karibu nusu ya waliokufa katika jimbo hilo walikuwa na miaka 75 au zaidi, umri ambao wengi huishi kwa dawa. Kimbunga Maria cha Septemba 2017 kiliiacha Puerto Rico na sehemu zisizo na umeme kwa miezi mingi, na vifo vingi havikuletwa na upepo wala maji bali na matibabu yaliyokatika: mashine za kupumulia zisizo na umeme, dawa zisizopatikana, barabara za hospitali zilizofungwa. Kwa hiyo mwenye shinikizo la damu, kisukari, pumu au kifafa, dawa za wiki moja ndizo mkoba wake wa dharura, vingine vyote ni nyongeza. Weka na karatasi yenye majina ya dawa na dozi. Weka miwani ya ziada, hata ile ya zamani. Mtu asiyeona vizuri hasomi ramani wala maandishi ya kwenye chupa ya dawa.

Pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, chukua nyingi, hazina uzito. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, hutosha kumshikilia anayeharisha. Usikisie chumvi, ikizidi inadhuru.

Na hapo tumefika kwenye choo, kwa sababu kuharisha na choo ni hadithi moja. Tetemeko la Februari 22, 2011 lililoiangusha sehemu kubwa ya katikati ya jiji la Christchurch, New Zealand, lilivunja pia mabomba ya majitaka chini ya ardhi. Nyumba nyingi zilibaki zimesimama, kuta nzima, lakini choo hakitumiki. Wakazi walichimba mashimo uani, vyoo vya kuhamishika vikapangwa barabarani, na hali hiyo haikwisha kwa wiki moja. Hakuna picha ya kisu kwenye kisa hicho.

Unachohitaji ni ndoo mbili zenye mifuniko. Moja ya haja ndogo, moja ya haja kubwa. Ukizitenganisha harufu inapungua sana, na ile ya haja ndogo ni rahisi kumwaga. Ndoo ya haja kubwa huwekwa mfuko mnene ndani, na baada ya kila mtu kutumia hunyunyiziwa majivu, unga wa mbao au udongo mkavu, kiasi cha kufunika. Kiti kinaweza kuwa kile cha choo chenyewe kilichofunguliwa. Weka kando karatasi za chooni, sabuni, na dumu lenye bomba dogo la kunawia ili mikono isitumbukizwe kwenye maji ya wote. Weka taulo za kike, na kama kuna mtoto mchanga nyumbani, nepi. Wakati wa amani ndoo hizo si za kukaa tupu. Ndani ya moja zimo sabuni, mifuko, karatasi na glavu, zinangoja. Nimewahi kuonyesha akiba yangu kwa wageni na wote wameruka ndoo wakaenda kushika tochi.

Tochi basi. Iwe ya kichwani, kwa sababu kazi zote za dharura zinataka mikono miwili: kufunga jeraha, kubeba mtu, kushika ngazi. Betri zisikae ndani ya tochi. Betri za kawaida za alkali zikikaa muda mrefu huvuja, unafungua unakuta unga mweupe umekula springi, tochi imekufa bila kutumika. Za lithiamu zisizochajiwa tena ni ghali zaidi lakini huvumilia miaka mingi na hazichoki kwenye baridi. Pawabenki nayo hupungua chaji ikikaa, kwa hiyo ichungulie kila baada ya miezi mitatu hivi, na usiiache kwenye gari linaloiva juani. Mishumaa mimi sitaki. Baada ya tetemeko, penye bomba la gesi lililopasuka, mshumaa ni bomu. Na kwa wenye jenereta au jiko la mkaa: visiwashwe ndani ya nyumba kamwe, wala barazani karibu na dirisha. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na kila baada ya kimbunga au baridi kali kuna watu inaowaua wakiwa wamelala.

Tarehe 28 Aprili 2025, mchana kweupe, umeme ulikatika karibu Hispania na Ureno zote, kwa saa nyingi. Treni zilisimama njiani, taa za barabarani zikazima, mashine za kulipia kwa kadi zikawa mapambo. Ghafla vitu vilivyokuwa vikitafutwa ni redio ya betri na noti za karatasi. Kwa hiyo begini mna redio ndogo, na fedha taslimu za noti ndogo ndogo, kwa maana siku hiyo hakuna atakayekuwa na chenji. Simu, mtandao ukizidiwa, tuma ujumbe mfupi badala ya kupiga. Ujumbe hupenya pale ambapo sauti haipenyi. Namba tano au sita muhimu ziwe kwenye karatasi, maana simu ikizima hata namba ya mama watu wengi hawaikumbuki.

Chakula nitakipitia mbio. Kisichohitaji kupikwa, unachokula siku zote, na kifungua kopo kisichotumia umeme. Kula cha zamani na ujaze kipya, usikifungie mpaka kioze. Basi.

Kuna vitu vya kutokea ambavyo haviingii begini lakini lazima viwe na mahali. Tetemeko la Kobe la Januari 17, 1995 lilipiga alfajiri watu wakiwa vitandani, na wengi wa waliotolewa hai chini ya vifusi walitolewa na ndugu na majirani kabla vikosi vya uokoaji havijafika. Mtaimbo, msumeno, jeki ya gari na glavu nzito za kazi vina thamani kuliko shoka la kambini. Viatu vya soli ngumu vikae chini ya kitanda, ndani ya mfuko uliofungwa kwenye mguu wa kitanda visije vikarushwa, kwa kuwa sakafu yenye vioo hukuzuia hata kufika mlangoni. Barakoa za vumbi pia ziwe hapo.

Moto, kwa wale wa porini, usiufanye mtihani. Viberiti viwili vya gesi, pamba iliyopakwa mafuta mazito ya kujipaka ambayo huwaka dakika kadhaa hata penye unyevu, na kile kijiti cha cheche kama akiba ya akiba. Kiberiti cha gesi kikikataa kwenye baridi si kibovu. Gesi yake ya butani haigeuki mvuke ikiwa chini ya nyuzijoto sifuri, kwa hiyo kiweke kwapani kidogo, kitawaka. Na ndiyo, kisu nacho kipo. Kidogo.

Filimbi ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote na watu hukidharau. Sauti ya mtu hukauka baada ya kupiga kelele muda mfupi, filimbi hupulizwa usiku kucha na mtu anayeweza kupumua tu. Milimani ishara ya kuomba msaada ni milio 6 ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, kisha unarudia. Anayekusikia hujibu kwa milio 3 kwa dakika. Sehemu nyingine, Marekani ikiwemo, milio 3 mfululizo ndiyo yenyewe. Kioo kidogo kikirudisha mwanga wa jua huonekana kilomita nyingi. Anayekwenda mbali na mtandao wa simu afikirie kifaa cha kuita setilaiti cha masafa ya megahezi 406. Mfumo wake, Cospas-Sarsat, ulianza kuokoa watu mwaka 1982 na hauna ada ya kila mwezi, ila kifaa lazima kisajiliwe kwa jina lako.

Lakini hakuna kifaa kinachoshinda mtu anayejua uliko. Aprili 2003, Mmarekani Aron Ralston aliingia peke yake kwenye korongo la Bluejohn jimboni Utah, jiwe likamnasa mkono, na hakuwa amemwambia mtu yeyote anakokwenda. Alikaa hapo zaidi ya siku tano, na alitoka kwa kujikata mkono kwa kifaa cha mfukoni kilichokuwa butu. Watu hukumbuka ule ushujaa, na wengine hutoka hapo wakaenda kununua kifaa chenye makali zaidi. Mimi hukumbuka karatasi ambayo haikuandikwa. Yangu huwa na mistari michache: naingilia wapi, natokea wapi, niko na nani, gari liko wapi, na saa ambayo nisipopiga simu waanze kunitafuta. Hiyo saa ndiyo yenye kazi. "Nitarudi jioni" haimwambii mtu lini awe na wasiwasi, atasubiri mpaka kesho kwa kuona haya ya kusumbua watu. Ukiandika "saa mbili usiku, piga namba hii", umemtoa kwenye kusitasita.

Nyumbani karatasi hiyo ina ndugu yake: mahali pawili pa kukutania, pa kwanza karibu na nyumba na pa pili nje ya mtaa, na jamaa mmoja anayeishi mbali ambaye kila mmoja atampigia. Nakala za vitambulisho, hati ya nyumba na kadi za hospitali ziwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, na nyingine kwenye flashi.

Begi nalifungua mara mbili kwa mwaka, na silifungui kwa kutazama. Nazima taa na kujaribu kutoa tochi, filimbi na bendeji kwa kupapasa. Kinachochelewa kupatikana kinahamishiwa mfuko wa nje. Nguo za watoto zinapimwa upya, viatu hasa, kwa sababu hivyo ndivyo hupitwa na wakati haraka kuliko betri. Dawa zenye tarehe iliyokaribia zinahamia kabatini zitumike, mpya zinaingia. Maji ya madumu yanabadilishwa. Likishafungwa linarudi kwenye ndoano yake karibu na mlango, juu ya ndoo mbili, na si ndani ya stoo. Stoo yetu ina kufuli, na ufunguo wake hakuna anayejua ulipo hata mchana.